Mwongozo wa Kuachana na Mkorogo na Kuizoea Upya Sura Yako

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi Kigoma Mjini, Ujiji, Mwandiga, Kasulu au popote mkoani humu, ambaye amekuwa akipaka mkorogo, yaani krimu za kujichubua ngozi, na sasa anataka kuacha, lakini hajui aanzie wapi. Maswali yanayoulizwa ni yaleyale kila mara. Nikiacha nitakuwa mweusi kuliko nilivyozaliwa? Rangi yangu itarudi baada ya muda gani? Mbona niliacha kwa siku chache tu uso ukaanza kuwaka moto? Na lipo swali ambalo huulizwa mwisho, ingawa ndilo lililobeba mengine yote: nitajitazamaje kwenye kioo wakati huo wote?

Wengi wanaoshindwa kuacha hawashindwi na ngozi. Wanaacha krimu bila kuyaandaa macho yao wenyewe kwa mabadiliko yatakayotokea, wala masikio yao kwa maneno watakayosikia, na ngozi inapopita katika kipindi chake kigumu wanakata tamaa na kurudi dukani. Kwa sababu hiyo hatua za ngozi na hatua za kujiamini zimewekwa pamoja humu, na ninakuomba usichague upande mmoja ukauacha mwingine. Wanaume nao wasome, kwa kuwa mkorogo si jambo la wanawake peke yao, na mwanaume anayejichubua kwa siri huchelewa zaidi kutafuta msaada.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Huhitaji fedha nyingi. Andaa vitu vifuatavyo:

- makopo, chupa na mirija yote ya vipodozi unavyotumia, pamoja na ile iliyokwisha kama bado unayo;
- daftari dogo na kalamu;
- sabuni laini ya kuogea na mafuta ya kawaida yasiyo na dawa, kama vile mafuta ya mgando;
- kitu cha kukinga jua, iwe kofia pana, mtandio, kanga au mwavuli;
- mtu mmoja unayemwamini, ambaye utamweleza ukweli wote.

Huyo mtu mmoja ndiye anayepuuzwa kuliko vyote, nami ninamhesabu kuwa muhimu kuliko mafuta. Anaweza kuwa dada yako, mwenzako wa kikoba, mama mdogo au mume wako. Kazi yake si kukushauri kuhusu ngozi. Kazi yake ni kukuangalia usirudi nyuma na kukuambia kweli pale utakapoanza kujiona vibaya kuliko ulivyo.

Tazama pia kalenda. Kama una harusi, kicheni pati au ubarikio ndani ya mwezi mmoja ujao, zungumza na mtaalamu wa afya mapema ili mabadiliko makubwa yasikukute siku ya shughuli. Hata hivyo, jambo hilo lisiwe kisingizio cha kuahirisha, maana mjini kwetu shughuli haziishi, na anayesubiri mwezi usio na harusi atasubiri mwaka mzima.

Nani asianze peke yake

Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye shinikizo la juu la damu au kisukari, mwenye uvimbe wa miguu au uso, aliyepaka mkorogo mwili mzima kila siku kwa miezi mingi, na aliyechomwa sindano au kunywa vidonge vya kung'arisha ngozi, wote hawa waanzie hospitali kabla ya kubadilisha chochote. Sababu yake imeelezwa katika hatua ya pili.

Hatua za kufuata

1. Toa makopo yote na usome maandishi yake.

Yapange mezani penye mwanga na uandike katika daftari jina la kila kipodozi, sehemu ya mwili unayoipaka, na muda ambao umekitumia. Kisha tafuta majina ya viambato. Kwa kuwa Kigoma inatazamana na Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na kupakana na Burundi, makopo mengine huwa na maandishi ya Kifaransa, hivyo usitafute Kiswahili pekee.

Ukiona neno hydroquinone, hiyo ni haidrokwinoni, kemikali inayopausha ngozi. Ukiona mercury, mercure, mercurio, calomel au mercurous chloride, hiyo ni zebaki. Ukiona clobetasol, betamethasone, fluocinonide au neno linalofanana na hayo, hiyo ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, na clobetasol ni miongoni mwa steroidi zenye nguvu kubwa kuliko zote zinazopakwa kwenye ngozi. Ipo dalili nyingine ya zebaki ambayo wengi hawaijui: kopo linalokuonya usiruhusu krimu igusane na dhahabu, fedha au vito vingine lina uwezekano mkubwa wa kuwa na madini hayo, hata kama hayakutajwa.

Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na vyenye haidrokwinoni. Steroidi kwa upande wake ni dawa inayopaswa kuandikwa na mtaalamu kwa ugonjwa maalumu na kwa muda maalumu. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS, kwa hiyo kama una shaka na bidhaa uliyonunua, huko ndiko pa kuuliza.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni kuamini kwamba kopo lisilo na maandishi ni salama kwa sababu muuzaji alisema ni la asili. Mkorogo uliochanganywa dukani na kutiwa kwenye kopo tupu uuhesabu kuwa una steroidi na pengine zebaki, mpaka itakapothibitishwa vinginevyo.

2. Amua nini kiachwe leo na nini kipunguzwe kwa usimamizi.

Hapa ndipo watu wengi wenye nia njema wanapoumia. Kipodozi chenye zebaki au haidrokwinoni peke yake kinaachwa siku hiyohiyo. Chenye steroidi kikiwa kimepakwa kwa muda mrefu na katika eneo kubwa la mwili, kukikata ghafla kunaweza kuifanya ngozi iwake, ivimbe na kutoa maji. Tena, mwili uliozoea kupokea steroidi kutoka nje unaweza kuwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na mtu akajikuta dhaifu, mwenye kichefuchefu na kizunguzungu. Daktari anaweza kukupangia namna ya kupunguza taratibu, ama kwa kukupa steroidi yenye nguvu ndogo zaidi kwa muda, ama kwa kuongeza siku za kupumzika kati ya mpako mmoja na mwingine. Usijipangie ratiba hiyo mwenyewe kwa kusikiliza majirani.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, nao watakupa rufaa pale inapohitajika. Kwa Kigoma hospitali kubwa ya serikali ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, na ndugu zetu wa Tabora wana Kitete. Nenda na makopo yote kwenye mfuko, pamoja na daftari lako. Mwambie daktari wazi: "Nimekuwa nikijichubua kwa krimu hizi, nataka kuacha." Usiseme kwamba ni vipele tu vimetokea, maana akitibu vipele bila kujua chanzo anaweza kukuandikia steroidi nyingine. Omba upimwe shinikizo la damu, sukari na mkojo, kwa sababu steroidi inaweza kupandisha viwili vya kwanza, na zebaki huharibu figo, jambo ambalo huonekana mapema kwa protini kwenye mkojo.

Ninajua kwamba kulitamka jambo hili mbele ya daktari ni kugumu. Ukiona huwezi, mpe daftari alisome.

3. Ondoa vitu hivyo nyumbani kwa njia salama.

Usimpe mtu mwingine, wala usimuuzie. Usichome moto uani pamoja na takataka, kwa kuwa zebaki ikipata joto hugeuka mvuke, na mvuke huo ukivutwa ni hatari kuliko krimu yenyewe. Usimwage chooni, mtaroni wala ziwani, kwa sababu zebaki inayoingia majini huishia ndani ya samaki, nasi tunaishi kwa dagaa na migebuka ya ziwa hili. Funga makopo vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, yaweke mbali na watoto, kisha uulize kituo cha afya au ofisi ya TBS namna ya kuyakabidhi.

Fua kwa maji mengi na sabuni mataulo, mashuka na foronya ulizotumia, ukizitenga na nguo za watoto. Zebaki huhama kutoka kwenye ngozi ya mpakaji kwenda kwenye mikono ya mtoto anayebebwa, na mtoto hudhurika kwa kiasi kidogo kuliko mtu mzima.

4. Rahisisha matunzo ya ngozi kadiri uwezavyo.

Osha uso kwa maji ya kawaida na sabuni laini mara mbili kwa siku, ukaushe kwa kugusagusa badala ya kusugua, na upake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Basi. Ngozi iliyokondeshwa na mkorogo haihitaji kusuguliwa kwa sukari, limao, magadi, dawa ya meno wala dawa ya kufulia nguo. Vyote hivyo vinaunguza, na ngozi yetu ikiungua hujibu kwa kuweka doa jeusi zaidi.

Kuhusu sabuni za mawese zinazotengenezwa hapa kwetu, nyingine ni nzuri sana na nyingine ni kali, kutegemea kama kostiki soda iliwekwa kwa kipimo sahihi na kama sabuni iliachwa ikomae kabla ya kuuzwa. Ijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono kwa siku tatu. Ikiwasha au ikiacha ngozi imekauka na kuvuta, itumie kufulia. Mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, yanafaa kwa mikono na miguu, hasa wakati wa kiangazi ambapo vumbi na upepo vinakausha ngozi, lakini kama uso wako huota chunusi, usiyapake usoni kwa sababu yanaweza kuziba vinyweleo. Mafuta ya mgando ni ya bei nafuu, hayana harufu, na kwa ngozi iliyochoka ndiyo ninayoyapendekeza kwanza.

5. Kinga ngozi yako na jua.

Rangi nyeusi ya ngozi hutokana na melanini, na kazi ya melanini ni kuzuia miale ya jua isiharibu ngozi kwa ndani. Mkorogo umekuondolea kinga hiyo. Kigoma ipo karibu na nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua letu ni kali mwaka mzima, na maji ya ziwa huakisi mwanga, kwa hiyo anayeanika dagaa Kibirizi hupigwa na jua kutoka juu na kutoka chini. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni vaa kofia pana au jitande kanga. Kama uwezo unaruhusu, paka mafuta ya kukinga jua yenye kiwango cha SPF 30 au zaidi, na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje.

Usiifanye hatua hii kwa nia ya kubaki mweupe. Utarudi kuwa mweusi, na ndivyo inavyotakiwa. Tunachozuia ni kuungua na kupata mabaka wakati ngozi inajijenga upya.

6. Jiandae kwa kipindi kigumu na ukiandike kabla hakijafika.

Katika daftari lako andika leo, ukiwa na akili tulivu, kwamba ngozi itabadilika hivi. Katika siku na wiki za mwanzo, hasa kama ulitumia steroidi, uso unaweza kuwa na joto, kuwasha, kuambaa magamba na kutoa vipele. Kisha rangi itaanza kurudi bila mpangilio: mashavu yatatangulia au yatachelewa, shingo itatofautiana na uso, na vifundo vya vidole vitabaki na sugu nyeusi kwa muda mrefu. Kwa miezi kadhaa utaonekana mwenye rangi mbili au tatu, kabla rangi haijalingana. Watu wengi huona nafuu ya kuridhisha ndani ya miezi michache, na wengine huchukua mwaka au zaidi.

Sitakudanganya kwamba kila kitu hurudi. Michirizi iliyosababishwa na steroidi hufifia lakini haifutiki. Madoa ya rangi ya bluu na nyeusi yanayotokea mashavuni na kuzunguka macho kwa waliotumia haidrokwinoni miaka mingi, ambayo madaktari huyaita okronosisi, ni magumu sana kutibu. Ninayasema haya mapema kwa sababu mtu aliyeahidiwa ngozi ya mtoto mchanga huona amedanganywa anapopata ngozi ya mtu mzima yenye alama, na hapo ndipo hurudi kwenye mkorogo. Lengo lako liwe ngozi yenye afya, isiyowaka, isiyochubuka ovyo na inayopona ikipata jeraha.

7. Badilisha namna unavyojitazama.

Aliyezoea mkorogo huwa amezoea pia kuutazama uso wake kwa karibu sana, kopo mkono mmoja na kioo mkono wa pili, akitafuta kasoro. Tabia hiyo haiondoki kwa kutupa kopo. Fanya hivi kwa mwezi wa kwanza: weka kioo kimoja tu, kitundike ukutani, na ujitazame ukiwa umesimama umbali wa mkono ulionyooshwa, asubuhi unapovaa na jioni unapooga. Hakuna mtu anayekutazama kwa umbali wa kiganja isipokuwa wewe na mtoto unayemnyonyesha, na mtoto huyo hatafuti kasoro.

Mara moja kwa wiki, siku ileile na mwanga uleule, andika unachokiona kama fundi cherehani anavyoandika vipimo, bila neno la kusifu wala la kulaumu. "Shavu la kulia limelingana na paji la uso. Shingo bado imetofautiana. Vipele vinne kidevuni, wiki iliyopita vilikuwa vingi." Usiandike "nimekuwa mbaya", wala usijilazimishe kuandika "mimi ni mzuri kupindukia" kama huamini. Maneno ya sifa usiyoyaamini huchosha, na yakishindwa hukuacha chini kuliko ulivyokuwa. Maelezo ya kweli yanatosha, na baada ya wiki nane utaona mwelekeo ambao kioo cha kila siku hakiuonyeshi.

Simu inahitaji uangalifu wake. Fungua mipangilio ya kamera na uzime kipengele cha kurembesha uso, ambacho katika simu nyingi huwa kimewashwa tangu dukani na hulainisha ngozi na kuipausha bila wewe kuomba. Usijipige picha ukiwa umeishika simu karibu na uso: kwa umbali wa takribani sentimita 30, pua huonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko inavyoonekana picha ikipigwa kwa umbali wa mita moja na nusu. Vijana wengi wanaochukia pua zao wanachukia kazi ya lenzi. Mwambie mwenzako akupige akiwa hatua mbili mbele yako, kwenye kivuli chenye mwanga, na hiyo ndiyo sura watu wanayoiona unapopita sokoni Mwanga.

Punguza pia kurasa za mitandaoni zinazokufanya ujipime. Zile zinazouza krimu ziondoe zote, hata kama mwenye ukurasa ni shoga yako.

8. Andaa majibu ya maneno ya watu.

Huku kwetu mtu hukuambia ulivyo usoni kabla hajamaliza salamu: umepungua, umechakaa, umekuwa mweusi, unaumwa? Wengi hawana nia mbaya. Hata hivyo neno hilo likisemwa mara tano kwa siku moja linaweza kukurudisha dukani, kwa hiyo usiliache likukute mikono mitupu. Andika majibu mafupi na uyatamke kwa sauti ukiwa peke yako mpaka yatoke bila kutetemeka.

Kwa mkubwa wako, heshima ibaki mahali pake: "Shikamoo shangazi. Ndiyo, nimeacha krimu, daktari amesema ngozi ipumzike. Naomba uniombee." Sentensi hiyo inafunga mjadala, kwa sababu mkubwa aliyeombwa dua huona vigumu kuendelea kukukosoa. Kwa rika lako: "Nimeamua kurudi kwenye rangi yangu, shoga, na sitaki ushauri wa krimu." Kwa muuzaji anayekuita kila ukipita: "Asante, nimeacha," kisha endelea kutembea. Usisimame kueleza, maana ukisimama utaonyeshwa kopo jipya.

Mume au mke ni mazungumzo tofauti na hayafai kufanywa kwa sentensi moja. Mketishe kabla mabadiliko hayajaanza. Mweleze ulichokuwa unapaka, madhara yake, na kwamba kwa miezi kadhaa uso wako utakuwa na mabaka. Mwombe jambo moja lililo wazi: asiutaje uso wako, kwa wema wala kwa ubaya, mpaka wewe mwenyewe utakapomuuliza. Wanaume wengi hupokea ombi la namna hiyo vizuri zaidi kuliko tunavyodhani, kwa sababu limewaambia cha kufanya.

Nyumbani, acheni kuwapanga watoto kwa rangi. Mtoto anayeitwa "mweusi wetu" huku nduguye akiitwa "mzungu wetu" anajifunza thamani yake kabla hajajua kusoma, na ni huyo atakayekuja kutafuta mkorogo akifika kidato cha pili.

9. Panga mapema kwa siku za shughuli.

Watu wengi hurudi kwenye krimu kwa sababu ya harusi, hasa wanapokuwa wasimamizi au wameshona sare. Mwone mpambaji wiki mbili kabla, ukamweleze kwamba ngozi yako ni nyepesi kudhurika, na ajaribu poda na foundesheni kwenye mstari wa taya, mkitazama nje kwenye mwanga wa mchana. Rangi sahihi ni ile inayopotea ndani ya shingo yako. Mkatalie anayetaka kukupaka rangi nyeupe kuliko yako kwa madai kwamba picha zitatoka vizuri: zitatoka na uso wa mtu mmoja na mikono ya mtu mwingine. Mpiga picha naye aombwe asipaushe nyuso wakati wa kuzihariri.

Kuhusu mavazi, ngozi nyeusi hubeba vizuri vitenge vya rangi kali, yaani manjano, bluu ya kifalme, machungwa na kijani kibichi. Hili ni pendekezo langu tu, lakini jaribu kitenge cha namna hiyo kabla ya kusema kwamba hakuna kinachokupendeza.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyashughulikia

*Uso unawaka na kuvimba.* Weka kitambaa safi kilicholowa maji ya baridi kwa dakika kumi, paka mafuta ya mgando, kaa kivulini. Ukianza kutoa usaha, au homa ikipanda, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

*Unajisikia dhaifu kupita kiasi, unatapika, unapata kizunguzungu unaposimama.* Kama uliacha steroidi karibuni, hii ni dharura. Nenda hospitali bila kusubiri asubuhi, na ueleze kwamba ulikuwa ukitumia krimu za steroidi.

*Miguu au kope zimevimba, mkojo una povu.* Inawezekana figo zimeathirika na zebaki. Kapimwe mara moja.

*Vimetokea viduara vinavyowasha na kutanuka.* Huenda ni fangasi waliokuwa wamefichwa na steroidi. Wanahitaji dawa ya fangasi pekee. Ukienda duka la dawa muhimu, hakikisha hupewi krimu ya mchanganyiko yenye steroidi ndani yake, kwani itakurudisha pale ulipotoka. Soma maandishi kabla ya kulipa.

*Chunusi zimejaa.* Usizitumbue. Zikizidi mwezi mmoja, muulize mtaalamu, kwa sababu zina matibabu mahsusi yasiyochubua.

*Umerudi kupaka.* Mwambie yule mtu wako mmoja siku hiyohiyo, andika katika daftari kilichotokea kabla ya kupaka, yaani nani alisema nini au shughuli gani ilikuwa mbele yako, kisha urudi hatua ya pili. Kama ulipaka kwa siku nyingi, onana tena na daktari kabla ya kukata.

*Ngozi imepona lakini bado hutaki kutoka nje.* Hili hutokea kuliko watu wanavyokiri. Kama kwa zaidi ya wiki mbili huna hamu ya kula au kuonana na watu, hulali, unakwepa kazi au shule kwa sababu ya sura yako, au unawaza kujidhuru, tatizo hilo haliko kwenye ngozi na halitatibiwa kwa mafuta. Nenda hospitali uombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii, na kama huwezi kwenda peke yako, mwombe yule mtu wako mmoja akusindikize na akae nawe hadi utakapoitwa.